Nasaha kwa Vijana Wanaotaka Kuandaa Muziki

Wajukuu zangu wa Lusangi, na nyinyi wenzao wa Kasongo na Kabambare, nimesikia kwamba baadhi yenu hamtaki kuimba wala kupiga gitaa. Mnataka kuwa wale wanaosimama nyuma ya jukwaa: wanaotafuta wanamuziki, wanaokodi vyombo, wanaotangaza siku na kusimamia mlango. Mmechagua kazi ya heshima, na nchi yetu inaifahamu tangu zamani. Lakini nimewaona wengi walioingia humo na fedha wakatoka bila mtu hata mmoja wa kuwaamini. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya uaminifu kuliko juu ya mtaji. Kuna watu waliopata mtaji mara ya pili na ya tatu, ila wanamuziki walikataa kupanda gari lao.

Mkitaka mtu wa kujifunza kwake, someni maisha ya Kiamuangana Mateta, yule aliyeitwa Verckys. Alizaliwa mwaka 1944, na mwaka 1963 akaingia bendi ya OK Jazz ya Franco akiwa mpiga saksafoni. Angeweza kuzeeka na saksafoni ile, maana aliipuliza vizuri na watu walimpenda. Badala yake alitoka, akaunda bendi yake ya Vévé mwaka 1969, pamoja na kampuni ya kutoa sahani za muziki yenye jina hilohilo. Akawakusanya vijana wa bendi nyingine: Bella Bella, Lipua Lipua, Kiam, na baadaye Langa Langa Stars, wote walipita mikononi mwake. Akajenga Vévé Centre pale Kinshasa, watu wakawa na mahali pa kusikilizia muziki huo. Miaka ya 1980 akafika mpaka kwenye kiwanda cha kuchapa sahani. Alifariki Oktoba 2022.

Angalieni jinsi alivyopanda. Alianza kwa kuujua muziki kwa mikono yake mwenyewe, akaja kwenye vyombo, kisha kurekodi, kisha ukumbi, kisha kiwanda. Vijana wa leo wengi wanataka kuanzia kwenye ukumbi. Hawajui bendi inahitaji muda gani kupanga sauti kabla ya watu kuingia, wala kwa nini mpiga besi anakasirika akipewa spika mbovu, halafu wanashangaa onyesho likianza saa nne usiku badala ya saa mbili. Kaa na bendi kwanza. Beba vyombo. Jifunze kuunganisha nyaya. Hata kama hutapiga chombo maisha yako yote, mwanamuziki atajua kwa kukutazama mara moja kama unaielewa kazi yake.

Kuna upande mwingine wa habari ya Verckys, nao msiupite haraka. Wengi aliowainua waliondoka. Akina Soki, wale ndugu wa Bella Bella, waliachana naye, na Nyboma alitoka Lipua Lipua akaenda kuanzisha bendi ya Kamale. Simhukumu marehemu. Nasema tu kwamba bendi ambayo vyombo vyake vyote ni vya bwana mmoja, huyo bwana hulala akihesabu nani ataondoka kesho. Mwana wa Maniema yetu, Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, aliyapitia hayohayo alipokwenda Dar es Salaam mwaka 1978. Alianzia Orchestra Makassy, halafu akaingia bendi ya Matimila. Dar ya siku zile, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na mwimbaji hata awe maarufu namna gani aliishi kwa ridhaa ya mtu huyo. Ilichukua miaka mpaka sauti yake ikafika kwa watu wa tamasha la WOMAD, Uingereza. Mwaka 1988 akazunguka Ulaya nao, na mwaka uliofuata albamu yake ikatolewa na kampuni ya Real World. Nikimkumbuka Remmy huwa najiuliza ni akina Remmy wangapi waliobaki hukuhuku, kati ya Kindu na Kabambare, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwashika mkono. Hao ndio kazi yenu.

Sasa nitawaeleza tamasha moja kubwa lililofanyika nchini mwetu, maana watu hulisimulia kwa sifa tu. Septemba 1974, Kinshasa ilikuwa inasubiri ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Kando ya pambano hilo, Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Mmarekani, Stewart Levine, waliandaa siku tatu za muziki katika uwanja wa 20 Mai. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz pamoja na Fania All Stars, Miriam Makeba, na wetu Franco, Tabu Ley na Abeti. Kabla ya hapo Foreman alikuwa amechanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukusogezwa. Wageni waliotegemewa kujaza uwanja hawakuja, na kiingilio kilikuwa kizito kwa mtu wa kawaida wa Kinshasa. Viti vingi vilibaki vitupu mpaka milango ilipofunguliwa bure usiku wa mwisho.

Kuna lingine linaloniuma zaidi ya viti vitupu. Nyimbo walizopiga wanamuziki wa Kiafrika siku zile zilirekodiwa vizuri, lakini albamu yao ilitoka mwaka 2017. Miaka 43! Franco alikufa mwaka 1989, Abeti mwaka 1994, Makeba mwaka 2008, Tabu Ley mwaka 2013. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeishika albamu hiyo mkononi. Kwa hiyo unaporekodi onyesho, hata kwa simu, hata la kikundi cha kaswida au cha ngoma cha kijijini, andika siku hiyohiyo kanda ni ya nani, nani ataiuza na nani atapata ngapi. Sheria ya hakimiliki ya nchi yetu ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Waambieni wanamuziki wenu habari hiyo, na muwasaidie kujiandikisha SOCODA, shirika la haki za watunzi. Promota anayemficha mwimbaji haki yake ili ampate kwa bei rahisi, mimi simhesabu katika kazi hii.

Siku ya onyesho nayo ina akili yake huku kwetu. Usitangaze jambo wakati wa mvua kubwa ukategemea gari litoke Kasongo lifike kwa saa. Barabara yetu mnaijua. Ngoja watu wavune mpunga na kuuza, fedha iwepo nyumbani. Ukiwalenga wachimbaji wa dhahabu wa Namoya na Salamabila, ulizia kwanza mwezi huu wanapata au hawapati. Mwezi wa Ramadhani uache. Maulidi ni ya Maulidi, usiibebeshe kiingilio chako. Nenda kwa sultani na kwa mashehe kabla hujabandika tangazo lolote, uwaeleze ni muziki gani, utaisha saa ngapi, na mabinti watakaokuja watarudi nyumbani kwa usalama gani. Wakikuuliza maswali makali, jibu kwa adabu. Wazazi wa mji wanaangalia unajibu vipi. Na msiba ukitokea jirani, ahirisha siku hiyohiyo, hata kama umeshatoa kianzio cha jenereta.

Mlangoni ndipo mtu wa kazi hii anapojulikana. Tiketi ziwe na namba, kila kitabu kibaki na vishina vyake, na kila moja igongwe muhuri kabla ya kutoka kwako. Anayeuza asiwe yule anayechana. Muziki ukiisha, jenereta ikiwa bado inanguruma na taa zinawaka, kaeni meza moja: wewe, kiongozi wa bendi na mwenye ukumbi. Hesabuni vishina kwanza, ndipo fedha. Franga upande mmoja, dolari upande mwingine, na dolari zilizochanika zitengwe, usimsukumie mpiga ngoma noti ambayo kesho hakuna duka litakaloipokea. Andikeni jumla, tieni sahihi, kila mmoja aondoke na nakala. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeona mali ya usiku mmoja ikipotea kati ya mlango na meza.

Kisha lipa. Lipa wapigaji na waimbaji kwanza, wa mwisho kabisa katika bendi apate chake mkononi mwake, siyo kupitia kwa mkubwa wake. Halafu mlipe mwenye gari, mwenye jenereta na mafuta, walinzi, na kodi ya ofisi husika kwa risiti. Wewe uwe wa mwisho. Kama hakuna kilichobaki, rudi nyumbani na daftari lako, maana bendi itakayokuwa imelipwa usiku wa hasara itakuja tena ukiiita, na italeta nyingine.

Msikimbilie kumleta nyota wa Kinshasa kwa deni. Anzeni na walio hapa, watoto wa madrasa wenye sauti, wapiga ngoma wa Wabangubangu, vijana wa magitaa wa Kasongo. Chagueni kikundi kimoja, mwandikiane mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa. Kisha nileteeni niusome kabla mtu yeyote hajatia sahihi.