Maumivu ya Nani?

 

Leo, hapa Takaba, nawaza kuhusu diya, yaani fidia ya damu. Mtu akiuawa, wazee hukaa chini ya mgunga, na hesabu inajulikana tangu jadi: mwanamume ngamia 100, mwanamke 50. Siidharau. Imezima visasi vingi. Ukoo mzima huchanga, basi ukoo mzima hujifunza kumzuia kijana mwenye hasira.

Lakini binti akinajisiwa? Hapo maslaha, usuluhishi huo wa wazee, hunitatiza. Mifugo inahama boma, wazee wanapeana mikono, fatiha inasomwa. Binti yuko jikoni, anakoroga chai ya wageni. Hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Fidia ni ya ukoo. Maumivu ni yake.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaruhusu usuluhishi wa kimila, ila usivunje haki za mtu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo yampeleka mkosaji kortini. Na hospitali ina saa 72 tu za kumwanzishia binti dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Saa hizo zinakwenda, wazee bado wanabishania ngamia wa kumi.