Tovuti Yako Usiitazame kwa Macho Yako Tu

Wanangu wa Bagamoyo, ninyi mnaotembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na mnaopangisha vyumba kwa mtandao, kazi mmeishika vizuri. Ila nawaonya: tovuti inaweza kubeba virusi huku mwenyewe akiifungua kila asubuhi na kuiona safi.

Mdukuzi akishaingia hujificha. Wewe utaoneshwa picha zako zilezile za ufukweni. Mgeni anayetokea Google ataoneshwa matangazo ya dawa, maandishi ya Kijapani, au faili la kupakua lenye sumu ndani. Kwa hiyo mwulize Google, anayeona upande ule. Kwenye kisanduku chake cha kutafutia andika site, kisha nukta mbili, kisha anwani yako, yote bila kuacha nafasi. Zitatoka kurasa zako ambazo Google inazijua. Ukikuta hata moja usiyoitambua, huenda umeingiliwa. Jisajili pia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni bure. Humo utaambiwa tatizo la usalama lililogunduliwa. Usingoje mpaka mgeni akutane na skrini nyekundu ya onyo. Huyo hatakupigia simu kukuuliza, atakwenda kulala Zanzibar.

Lakini injini ya utafutaji nayo msiiamini kama mtume. Tarehe 31 Januari 2009 Google iliweka onyo la hatari karibu kwenye kila tovuti iliyotafutwa duniani, kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu mtu aliingiza kimakosa alama moja ya mkwaju (/) kwenye orodha ya tovuti hatari. Na kinyume chake ndicho kibaya zaidi: ukurasa wa kitapeli uliofunguliwa jana huenda haujapitiwa bado, basi kukosa onyo si cheti.

Anwani ukiitilia shaka, ipeleke VirusTotal, iliyo mali ya Google tangu 2012. Itapimwa na vichunguzi vingi kwa mpigo. Ila msipakie humo faili lenye pasipoti za wageni, maana yanayopakiwa huonwa na watu wengine.

Leo, kabla hamjafunga ofisi, pekueni tovuti zenu. Mkikuta baya, iondoeni hewani, badilini maneno ya siri yote, iarifuni kampuni inayowahifadhia tovuti, kisha toeni taarifa TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Tafadhalini wanangu, msifiche kwa aibu. Kila saa mnayonyamaza, mgeni mwingine anaambukizwa.