Sambusa na Dhamiri ya Mlaji

Sambusa ni chakula kinachoficha kilicho ndani. Kuanzia migahawa ya Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe hadi Nkwenda upande wa Kyerwa, nyama ya kusaga hukaushwa na vitunguu na pilipili, ikafungwa pembe tatu ndani ya manda, pindo likabandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha ikazamishwa kwenye mafuta. Inapofika mezani, mlaji haoni kitu. Swali la dini linaanzia hapo: je, mtu anawajibika kwa asichokiona?

Huku Kagera, mkoa ziliko wilaya hizo, swali hili lina uzito. Uislamu ulifika Karagwe karne ya 19 na wafanyabiashara wa Kiarabu waliojenga kituo Kafuro. Ukristo, wa Kikatoliki na wa Kilutheri, ulifuata na kuenea zaidi. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huliwa na wengi, ila si Waislamu wala Wasabato. Hata nyama ya ng'ombe ina sharti lake, kwa sababu Mwislamu hutaka ichinjwe kwa jina la Mungu. Ndiyo maana kwa desturi ya Watanzania kazi ya kuchinja mifugo ya nyama ya kuuza imeachiwa Waislamu, ili wote wale. Februari 2013 mabishano juu ya desturi hiyo yalizaa vurugu huko Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa.

Inasikitisha, kwa kuwa dini zote mbili zilishalijibu swali hili, tena kwa majibu yanayokaribiana. Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza; lakini wakiambiwa kwamba nyama imetolewa kwa sanamu, waiache kwa ajili ya dhamiri ya aliyewaambia. Katika hadithi ya Bi. Aisha iliyopokewa na Bukhari, watu walimweleza Mtume kuwa huletewa nyama wasiyojua kama ilisomewa jina la Mungu. Akawaelekeza walitaje wenyewe, wale.

Majibu haya hayahalalishi nguruwe aliyeitwa ng'ombe. Yanamwondolea mlaji mzigo wa kupeleleza, na mzigo huo unamwangukia mpishi. Kwa mfano, huko Manila, Ufilipino, uvumi wa nyama ya paka umeiandama siopao, andazi la mvuke lenye asili ya Kichina, kwa miaka mingi, na mlaji hana namna ya kuukanusha kwa macho. Anayeweza ni aliyelijaza. Vivyo hivyo, anayekaanga sambusa Omurushaka anapaswa kutenga kisu, ubao na mafuta, na kumwambia mteja kilichomo kabla hajaulizwa.