Nguo ya Siku 194

Kuanzia katikati ya Desemba, kupita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, ni kazi. Magauni ya watoto yenye matabaka ya neti yametundikwa juu, midoli ya plastiki imevalishwa suti ndogo za vipande vitatu, na wauzaji wanaita bei kwa kupokezana. Mama mkono mmoja kashika mtoto, mkono wa pili kashika mfuko. Wiki mbili tatu baadaye mama huyohuyo yuko mtaa uleule, sasa anatafuta mashati meupe, sketi za bluu, soksi na viatu vyeusi, na pochi imekuwa nyepesi. Anaanza kupunguza: shati moja badala ya mawili, viatu vya plastiki badala ya vya ngozi, sweta tutaona mbele ya safari.

Hapo ndipo bajeti ya nguo za watoto inapokwama kwa familia nyingi za mjini. Si kwamba fedha hazikuwepo. Zilikwenda kwenye nguo itakayovaliwa mara tano au sita, na ile itakayovaliwa mwaka mzima ikaachiwa masalia.

Kalenda ya masomo nchini Tanzania ina siku 194 kwa mwaka. Siku zote hizo mtoto anaamka gizani na sare, anakimbia nayo, anakaa nayo kwenye dawati lenye msumari uliochomoza, ananyeshewa nayo Aprili. Tuseme sare moja, shati na sketi, imegharimu shilingi 25,000, na mtoto anazo mbili za kubadilisha. Kila moja itavaliwa siku 97, yaani kama shilingi 258 kwa siku. Tuseme pia gauni la sikukuu limenunuliwa kwa 40,000, likavaliwa mara sita kabla halijambana makwapa. Kila mara alipolivaa, limekula zaidi ya shilingi 6,600. Mzazi anaweza kuweka bei za mtaani kwake. Picha atakayoiona haitakuwa mbali na hiyo.

Kugawanya bei kwa siku za kuvaliwa ni hesabu ya darasa la nne, lakini ni wachache wanaoifanya wakiwa dukani. Dukani huangaliwa bei tu. Ndiyo maana sare ya bei ya chini kabisa huonekana nafuu. Sare ya 15,000 inayochanika makalioni Juni na kununuliwa upya imeshakuwa sare ya 30,000, na mtoto amekaa wiki kadhaa akijifunika nyuma kwa begi.

Serikali ilipofuta ada katika elimumsingi ya shule zake kuanzia Januari 2016, wazazi walipumua. Sare ilibaki juu yao, pamoja na viatu na madaftari. Kwa nyumba yenye watoto watatu shuleni, huo si mzigo mdogo, na uzito wake hauishii kwenye fedha. Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 328 za msingi kuanzia mwaka 2003. Baadhi ya shule zilipatiwa sare za bure kwa wanafunzi wa darasa la sita, nyingine hazikupatiwa. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa asilimia 19 pale ambapo hakukuwa na sare za bure, na asilimia 16 pale zilipotolewa. Walioshika mimba mapema nao walipungua.  Wasichana wale walipewa kitambaa kilichoshonwa vizuri, wakapata cha kuvaa asubuhi, wakaendelea kwenda.

Kwa hiyo mtu anayepanga nguo za watoto na kuanza na sare hajifanyi mgumu. Anaanza na kile kinachomweka mtoto darasani.

Baada ya sare ndipo ije sikukuu, na sikukuu isidharauliwe. Unguja, siku za Idi, watoto humiminika viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja na kwingineko, wasichana na magauni mapya na hina mikononi, wavulana na kanzu au jinzi ambazo bado zina mikunjo ya dukani, fedha za mkono wa Idi zikiwa mfukoni. Bara, asubuhi ya Krismasi ni hivyohivyo kwenye njia za kwenda kanisani. Mtoto aliyevaa ya mwaka jana anajiona, na wenzake wanamwona. Kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba nguo mpya si kitu ni kumnyima haki yake ndogo ya kufurahi pamoja na wengine. Nguo moja ya sikukuu kwa mwaka ina nafasi halali katika bajeti ya nyumba. Kinachoua bajeti ni ya pili na ya tatu: ile ya sherehe ya kuzaliwa ya jirani, ile ya harusi yenye sare ya ukoo, ile iliyonunuliwa kwa sababu picha itawekwa kwenye simu.

Tena kuna jambo ambalo familia za Kiislamu zingefaa kuliwekea alama mapema. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa Miladia. Idi el-Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, miezi mitatu baada ya shule kufunguliwa, kwa hiyo nyumba ilishapata muda wa kuvuta pumzi. Ile ya 2029 inatarajiwa katikati ya Februari, na ya 2030 mwanzoni kabisa mwa Februari. Maana yake sare za Januari na nguo za Idi zitadaiwa ndani ya wiki tano au sita, kwenye mshahara mmoja au miwili, bila kusahau futari ya mwezi mzima katikati. Wakristo wameuzoea mbano huo tangu zamani, kwa kuwa Krismasi haisogei na shule iko mlangoni mwake. Wajuzi kati yao wana mbinu moja ya kuigwa: viatu vya Krismasi vinanunuliwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba au bizimu. Desemba 25 vinakwenda kanisani. Januari vinakwenda shule.

Mwili wa mtoto nao una ratiba yake, na anayeijua hununua kwa utulivu. Mtoto mchanga huzaliwa na urefu wa takriban sentimita 50, na katika mwaka wake wa kwanza huongeza kama 25. Mwaka wa pili huongeza kama 12. Baada ya hapo kasi inashuka, na kuanzia miaka minne hivi mpaka karibu na kubalehe, watoto wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, wanaokwenda kumwona mama aliyejifungua wakiwa wamebeba suti za mtoto wa miezi mitatu wanampa zawadi ya wiki chache. Kanga nzuri au nguo ya umri wa mwaka mmoja ingemfaa zaidi. Mtoto wa shule ya msingi, kwa upande wake, anaweza kununuliwa nguo yenye nafasi ya mwaka mmoja mbele bila kuonekana kavaa gunia.

Lebo husaidia ukijua kuisoma. Nguo nyingi za watoto kutoka Ulaya, zikiwemo za mitumba, zina namba kama 104, 110, 116, 122. Hizo ni sentimita za urefu wa mtoto, na hupanda kwa sita sita, karibu sawa na kukua kwa mwaka mmoja. Nguo kutoka China mara nyingi hupanda kwa kumi: 110, 120, 130. Mzazi akimsimamisha mtoto kwenye fremu ya mlango mwezi Novemba, akaweka alama ya penseli juu ya utosi na kupima kwa futi ya fundi, anaweza kwenda sokoni peke yake akarudi na kinachomtosha. Kumwacha mtoto nyumbani kunaokoa fedha. Sokoni mtoto huona vingi. Viatu tu ndivyo visinunuliwe bila mguu wenyewe, na ni vizuri ujaribiwe alasiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda.

Ufundi mwingine wa kubana matumizi uko kwenye vibaraza, kwa mafundi cherehani, na inasikitisha kuona unavyosahaulika. Sketi ya sare ya dukani mara nyingi ina upindo mwembamba kama kidole. Fundi wa mtaani akiombwa, anaacha inchi tatu kwa ndani na kuzishikiza kwa mkono, nyuzi za mbalimbali. Mwaka unaofuata anafumua, anapiga pasi, anashona upya, na sketi imerefuka bila kununuliwa. Mstari wa rangi iliyokoza hubaki pale palipokuwa pamejificha mbali na jua na sabuni; ukifuliwa mara kadhaa unafifia. Kaptula anaiwekea kitambaa cha pili makalioni kabla haijachakaa, maana benchi la shule linajulikana linapomalizia nguo. Kiunoni anaacha lastiki ndefu yenye kifungo. Kazi zote hizo huongeza kidogo tu kwenye bei ya kushonesha, na hununua mwaka mzima.

Mitumba ina sehemu yake, na kwa nguo za nyumbani na za kuchezea hakuna soko linaloishinda. Asubuhi belo linapofunguliwa Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, wanaojua hawashiki nguo kwa rangi. Wanavuta mshono, wanapandisha na kushusha zipu, wanainua kitambaa kwenye mwanga kuona palipolegea. Soko hili limekuwa sehemu ya maisha tangu biashara ilipolegezwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya foleni na uhaba ambapo kupata hata kipande cha khaki kulihitaji kujuana na mtu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ilitishia kuondoa nafuu za biashara ilizozipa nchi za Afrika chini ya sheria yake ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Hoja ya viwanda ni ya kweli. Pamba ya Simiyu na Shinyanga kwa sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa ghafi, na inauma kufikiri kwamba shati la mtoto wa mkulima wa pamba limetoka ng'ambo. Lakini mama mwenye watoto wanne hawezi kusubiri sera ikomae ndipo awavishe.

Mitumba haigusi kila kitu, na hapo wengi huteleza. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa sababu za afya. Chupi, singlendi na soksi zinunuliwe mpya, na kwa kuwa hazionekani, ndizo za kwanza kukatwa bajeti inapobana. Zisikatwe. Binti aliyefika darasa la sita au la saba akiwa na nguo mbili tu za ndani ana wasiwasi ambao hawezi kumweleza baba yake, pengine hata mama yake. Kwenye karatasi ya bajeti, nguo za ndani zinastahili kuandikwa mstari wa pili, mara baada ya sare.

Fedha zenyewe zitoke wapi? Wanawake wengi wamekwisha kupata jibu bila kufundishwa na benki. Kwenye mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, wenye watoto wa shule humwomba mapema kijumbe, yule anayekusanya michango, awapangie zamu ya Novemba au Desemba, na wanunuzi wa Novemba hukuta sare zipo za saizi zote na muuzaji ana muda wa kupatana. Asiye na mchezo anaweza kutenga 10,000 kila mwezi kuanzia Februari. Mwisho wa Novemba ana 100,000 mkononi. Baba naye ahusishwe tangu Februari, si kuletewa orodha Januari 4 usiku.

Halafu kuna kurithishana. Nyumbani, kaka humwachia mdogo wake, na ni sawa, ila kitinda mimba ambaye hajawahi kuvaa shati lililonunuliwa kwa ajili yake anajua, hata asiposema. Mpya moja kwa mwaka iwe yake. Nje ya nyumba, shule nyingi za msingi za serikali zinatumia shati jeupe na sketi au kaptula zinazofanana, kwa hiyo sare iliyombana mtoto mmoja inamtosha mwingine mtaa wa pili. Kikao cha wazazi cha mwisho wa mwaka huwa na ajenda za mitihani, uji na madawati. Kinaweza kuongezewa moja: kila mwenye sare iliyokuwa ndogo ailete ikiwa imefuliwa na vifungo vimekamilika, akabidhiwe mwalimu wa darasa. Mwalimu anamjua mtoto anayekosa masomo kila baada ya mvua kwa sababu sare yake ya pekee haijakauka. Amwite mzazi wake pembeni, ampe mbili, na pale kwenye daftari la mahudhurio asiandike kwamba mtoto huyu ni mtoro.