Dhima ya Mwenye Kuhifadhi Siri za Watu

Katika elimu ya fikihi, mlango wa wadia, yaani amana awekewayo mtu ili aihifadhi, ulichunguzwa kwa makini makubwa, na mafakihi wameafikiana juu ya msingi wake: kwamba mwenye kupokea mali ya mwenziwe kwa ajili ya kuilinda hana dhima ya kuilipa ikiharibika au ikiibiwa, maadamu hakufanya hiana wala hakutaksiri. Hukumu hii ni ya insafu, kwani lau kila mwenye ihsani ya kulinda mali ya jirani angetozwa kila kilichopotea, nani angekubali tena kupokea ufunguo wa mtu asafiriye? Ama akitaksiri, hutozwa, na namna ya kumtoza imepangwa kwa madaraja: hurudisha kitu chenyewe kikiwapo, kikiwa kimeangamia, hurudisha mfano wake, na kikiwa hakina mfano, hulipa kima chake. Nimeyataja madaraja haya matatu mapema kwa sababu swali langu limesimama juu yake. Mtu aliyewekewa siri, nayo ikaibiwa mikononi mwake kwa taksiri yake, atarudisha nini?

Baina ya tarehe 17 na 19 Aprili mwaka 2011, wadukuzi waliingia katika seva za PlayStation Network, huduma ya kampuni ya Sony ambayo kwayo wenye mashine za michezo za PlayStation 3 na PSP, mmoja akiwa Osaka na mwenziwe Chicago, walikuwa wakicheza pamoja kana kwamba wamekaa chumba kimoja, na wakinunua michezo bila ya kwenda dukani. Tarehe 20 kampuni iliifunga huduma hiyo dunia nzima. Tarehe 22 ikakiri kwamba kulikuwa na uvamizi kutoka nje. Na tarehe 26 ndipo wateja walipoambiwa kwamba majina yao, anwani zao, tarehe zao za kuzaliwa na maneno yao ya siri, katika akaunti zipatazo milioni 77, yamekwisha kuingia mikononi mwa wezi, na kwamba juu ya nambari za kadi za benki haikuwezekana kuwapa hakika. Milango ilikaa imefungwa zaidi ya wiki tatu.

Je, palikuwa na taksiri? Kampuni ilijitetea kwamba uvamizi ule ulifanywa kwa ustadi mkubwa. Lakini mamlaka ya Uingereza isimamiayo hifadhi ya habari za watu, ilipotoa hukumu yake Januari 2013, ililitoza tawi la Ulaya la kampuni ile faini ya pauni 250,000, ikasema kwamba jambo lile lingaliweza kuzuiwa lau programu za seva zingalikuwa zimesasishwa inavyopasa. Kampuni ilikata rufaa, kisha ikaiacha, kwa hoja kwamba kuendelea na shauri kungeilazimisha kufichua namna inavyojilinda. Hoja hiyo ina mantiki, sikatai. Ila ni ajabu kidogo kumsikia mlinzi akitaka siri zake zisitiriwe katika shauri la siri za watu zilizofichuka.

Yuko atakayesema kwamba kujiandikisha katika huduma ile kulikuwa bure, na kwamba mwenye kuhifadhi bila ya ujira hutazamwa kwa huruma. Ni kweli kwamba Majalla, ile sheria ya dola ya Kiuthmani iliyotungwa baina ya 1869 na 1876, ilipambanua mambo haya: mwenye kulinda bure hatozwi kwa wizi asiousababisha, ama mwenye kulinda kwa ujira hulipa hata kwa wizi, kwa kuwa wizi ni jambo liwezalo kuepukwa. Lakini kufungua duka ambamo hapana mteja awezaye kununua hata mchezo mmoja asipotaja kwanza jina lake na siku aliyozaliwa, kisha kudai kwamba kuyahifadhi hayo ni ihsani, ni kujipa thawabu isiyo yako. Mteja hakuja kuomba alindiwe tarehe yake ya kuzaliwa. Mwenye duka ndiye aliyeitaka.

Sasa turudi kwenye madaraja yetu. Daraja la kwanza ni kurudisha kitu chenyewe, na ajabu ya siri ni kwamba ikiibiwa haimtoki mwenyewe: aliyeibiwa bado anaijua, na daftari la mlinzi bado limeandikwa, kilichopotea ni kule kutojua kwa wengine, na kutojua hakurudishwi kwa mtu aliyekwisha kujua. Daraja la pili ni mfano wake. Nenosiri lina mfano, kwani hubadilishwa kwa dakika moja, na hilo ndilo waliloagizwa wateja wote. Lakini siku ya kuzaliwa haina mfano, wala jina alilopewa mtu na wazazi wake, na nyumba haihamwi kwa kuwa mwizi ameijua anwani yake. Daraja la tatu ni kima, na hapa kampuni ilijaribu. Iliwapa wateja wake ruhusa ya kuchagua michezo miwili katika mitano bila ya malipo, na siku 30 za huduma yake ya kulipiwa. Na kwa walioko Marekani iliongeza bima ya miezi 12 dhidi ya wenye kujifanya watu wengine, yenye kufika dola milioni moja. Sisemi kwamba hayo ni kitu duni. Nasema kwamba bima yahesabiwa kwa miezi, na hasara ile yahesabiwa kwa umri wa mtu.

Masimulizi ya sira yanatwambia kwamba Mtume, alipohama Makka, alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma yake ili awarudishie watu amana zao, na miongoni mwa wenye amana hizo walikuwamo waliomfanyia uadui. Ukamilifu wa kitendo kile ni kwamba kilikuwa na mwisho: kila mmoja alipokea kilicho chake, na dhima ikaondoka. Mwenye kuhifadhi siri hana siku kama ile. Tarehe 1 Mei, mjini Tokyo, Kazuo Hirai wa Sony na wakuu wenziwe wawili walisimama mbele ya waandishi wa habari wakainamisha vichwa kwa muda mrefu, kwa desturi ya kwao ya kuomba radhi. Nami sioni kwamba ilikuwa riya, kama wengine walivyosema. Lakini radhi huombwa kwa aliyedhulumiwa, ilhali Septemba mwaka ule ule masharti ya huduma yalibadilishwa, na mteja wa Marekani asiyepeleka barua ya kukataa ndani ya siku 30 akahesabiwa kuwa ameridhia kutojiunga na wenziwe katika kesi ya pamoja. Kuinama ni jambo jema. Kuinama kisha ukaufunga mlango wa kadhi kunaipunguza thamani yake.

Nataka kusema neno juu yetu pia. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo huduma ile huziandikisha, ingawa mashine zenyewe zauzwa waziwazi Mombasa na Dar es Salaam; basi kijana wa kwetu aghalabu hujiandika kana kwamba anakaa Marekani au Uingereza, kwa anwani asiyopata kuiona. Ni uongo, na haya ya kuusema hainizuii kuona kwamba umemkinga: mwizi alipata anwani isiyokuwa yake. Lakini umemvua pia haki ya kudai, kwani siku akaunti yake ikiporwa, ataulizwa mambo yale yale aliyoyabuni, naye huenda ameyasahau.

Mafundi wenyewe waligundua zamani kwamba mlinzi bora wa siri ni yule asiyeijua. Nenosiri likihifadhiwa vyema haliandikwi lilivyo, bali hugeuzwa kwa hesabu likawa alama ambayo ni vigumu mno kuirudisha kwenye asili yake, na seva humtambua mteja kwa kulinganisha alama na alama. Na Sony ilisema kwamba maneno yale ya siri yalikuwa yamegeuzwa hivyo. Kwa nini basi hekima hiyo iishie kwenye nenosiri? Umri huulizwa kwa kuwakinga watoto na michezo isiyowafaa, na sababu hiyo ni ya haki. Lakini kwa kujua kwamba mtu ametimiza miaka 18 yatosha kuandika kwamba ametimiza, kisha tarehe ikafutwa. Mwenye duka atajibu kwamba anaihitaji ili amtambue mteja aliyesahau nenosiri na kupiga simu kuomba msaada. Namwambia kwamba tangu Aprili 2011, kwa wenye akaunti zile milioni 77, tarehe hiyo haimtambulishi mtu tena, kwa kuwa mpigaji simu aitajaye bila ya kusita aweza kuwa ndiye mwizi.