MTANDAO HAUULIZI, LAKINI WEWE UTAULIZWA!

Ndugu kijana,

Karatasi hii imekufikia mkononi, usiitupe! Isome mpaka mwisho, haikumalizii hata dakika tano. Huenda umeipokea kwa mkono mmoja na mkono wa pili umeshika simu. Sawa kabisa. Ni habari za hiyo simu.

Hebu nikuulize swali moja tu. Jana ulituma nini? Sikuulizi ulikula nini wala ulivaa nini. Ulituma NINI kwa simu yako? Kilimfikia nani? Na kilipofika huko, kilifanya kazi gani?

ULIANZA NA HERUFI MBILI

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, katika chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta. Alitaka kupeleka neno LOGIN, yaani ombi la kuingia, kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa Menlo Park, mbali kaskazini katika jimbo lile lile la California. Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Alipogusa G, mashine ya upande wa pili ikakwama! Kama saa moja baadaye wakajaribu tena, neno zima likapita.

Rafiki, ile ndiyo mbegu ya intaneti. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha utaratibu wa kuziwezesha kompyuta za mitandao tofauti kusikilizana, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao ule wa kwanza, ARPANET, ukahamia kwenye utaratibu uliotokana na kazi yao. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, akiwa CERN huko Uswisi, alipendekeza mpango uliokuja kuwa kurasa za Web, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa dunia nzima. Kwetu Afrika Mashariki tulitegemea setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza, mpaka mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu kwa kupita chini ya bahari.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini. Unakumbuka kelele zilizotokea? Waya ukikatika, wote tunalalamika. Lakini uongo ukipita kwenye waya ule ule, nani analalamika?

UNAFANYAJE KAZI?

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye siri.

Unapotuma picha, haisafiri nzima. Simu yako inaikata vipande vidogo vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti inapewa anwani ya inakokwenda na namba yake ya mpangilio, kama barua uliyoichana vipande na kila kipande ukakitia kwenye bahasha yake. Bahasha moja inaweza kupita njia hii, nyingine njia ile. Njiani kuna mashine ambazo kazi yake ni kusoma anwani na kusukuma mbele. Zikifika mwisho, zinapangwa kwa namba. Iliyopotea inatumwa tena. Ghafla picha imekamilika!

Je, umeona? Mashine ya njiani inasoma anwani tu. Haiulizi, 'Hii ni kweli au uongo? Hii inaponya au inaua?' Waliobuni intaneti waliweka akili kwenye ncha, katikati wakaacha usafirishaji tu. Na tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo anayeweza kuusoma ni aliyeutuma na aliyetumiwa.

Basi kama katikati hakuna anayeuliza, dhamiri iko wapi? Iko kwenye ncha. Na ncha ni WEWE!

USISEME 'NI SIMU TU'

Twende India, mwaka 2018. Ujumbe ulizagaa kwenye WhatsApp kwamba kuna wezi wa watoto wanaozunguka vijijini. Mtu alipokea, akashtuka, akampelekea jirani. Jirani akapeleka kwenye grupu. Kila mmoja alidhani anasaidia. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, wanaume watano waliokuwa wapita njia wakavamiwa na umati. Wakapigwa mpaka kufa, wote watano. Hawakuwa wamemwiba mtoto wa mtu!

Sasa niambie, nani aliwaua? Waliopiga, ndiyo. Lakini je, yule aliyekuwa amekaa kitandani kwake, maili nyingi kutoka pale, akabonyeza mara moja na kulala?

Mwezi ule ule WhatsApp ilitangaza kwamba India mtu ataweza kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu 5 tu kwa mara moja. Januari 2019 ikawa hivyo duniani kote. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawekewa mpaka wa sehemu moja tu kwa mara. Ni vizuri, wameweka tuta barabarani. Lakini tuta halimgeuzi dereva kuwa mtu mwema! Linampunguzia mwendo tu.

Sisemi mtandao ni wa shetani. La hasha! Kwa waya huo huo mama anauona uso wa mwanawe aliyeko Muscat, na mwanafunzi asiye na kitabu anapata somo lake. Waya hauna dhambi. Swali ni mkono unaobonyeza.

UTAULIZWA

Kaini alidhani kule kondeni hakuna shahidi. Akaulizwa ndugu yake yuko wapi (Mwanzo 4). Swali hilo halijafutwa, rafiki. Yule dada ambaye picha yake ya siri mliicheka kwenye grupu, yuko wapi leo? Anakwenda shule bado? Yule kijana uliyemwita mwizi bila ushahidi, bado anapita mtaani kwenu?

Utasema, 'Mimi sikutunga, nilifowadi tu.' Bwana wee! Anayepokezana kijinga cha moto naye amebeba moto. Utasema, 'Nimeshafuta.' Umefuta kwako! Kila simu iliyopokea ina nakala yake. Kufuta kwako hakuzimi kwao.

FANYA HIVI LEO

1. SIMAMA kabla ya kubonyeza. Jiulize: Ni kweli? Nimeijuaje? Ningeisema mbele ya mhusika, na mama yake yupo?

2. ZIMA moto mkononi mwako. Picha ya kumwaibisha mtu ikikufikia, iishie kwako. Hapo wewe ni ukuta.

3. RUDI ulikopeleka uongo, ukaandike pale pale, 'Niliyowatumia si kweli.' Zakayo hakuishia kusikitika moyoni, alirudisha alichodhulumu (Luka 19). Kisha mtafute uliyemwumiza, umwombe msamaha kwa kinywa chako.

Hii ya tatu ni ngumu. Watakucheka. Lakini mtandao unaweza kutunza kosa lako miaka na miaka na usijue kusamehe, kwa sababu hauna moyo. Mungu anao. Anayajua yote uliyotuma, hata yale uliyoyafuta, na bado anakuita kwa jina lako.

Ukitaka, tulia hapo ulipo, umwambie kwa maneno haya au kwa yako mwenyewe:

Bwana, unaijua mikono yangu na yote iliyopeleka. Nisamehe. Nipe ujasiri wa kurudi nilikoharibu. Tangu leo uongo ukinifikia, uishie kwangu. Amina.

Umemaliza? Basi chukua simu yako. Usianze na kitu kipya. Anza na yule unayepaswa kumpigia.