Amana ya Ua la Usambara

Je, kiumbe aliyetolewa katika maskani yake, akakingwa na jua, akanyweshwa kwa kipimo na kuzalishwa kwa wingi kwa mkono wa binadamu, amehifadhiwa au amemilikiwa tu? Swali hili ni la dini na falsafa kwa pamoja, na shahidi wake mwadilifu ni mmea mdogo wa misitu yetu, ua la zambarau la Usambara, ambalo limejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, ilhali katika milima iliyolizaa linazidi kuadimika.

Makazi yake ya asili ni majabali yenye kivuli katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru nchini Tanzania, na katika vilima vya Taita nchini Kenya. Huko, aghalabu kando ya vijito, mizizi yake myembamba hushika utando wa kijani unaoota juu ya jiwe lenye unyevu. Majani yake manene yamevikwa vinyweleo laini, na katikati ya ua hung'aa vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliliona akampelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za ua hilo. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaupa mmea huo jina la Saintpaulia. Tangu hapo wakuza maua wamezalisha maelfu ya namna zake, nyeupe, za waridi na zenye petali maradufu.

Atakaye kulilea ua hili hana budi kulitii. Hulipanda katika udongo mwepesi usiotuamisha maji. Huliweka penye mwanga usio na jua kali. Hulinywesha kwa kisahani kilicho chini ya chungu, kwa kuwa maji baridi yakiangukia majani huacha mabaka yasiyofutika. Na akitaka kulizidisha, hukata jani moja pamoja na kikonyo chake, akalichomeka katika mchanga wenye unyevu, akasubiri majuma kadhaa hata vichipukizi vitokeze shinani. Ukizitafakari kanuni hizi moja baada ya moja, utaona dhahiri kwamba hakuna hata moja aliyoibuni mwanadamu: udongo ule ni badala ya majani yaliyooza juu ya jabali, pazia la dirisha ni badala ya vilele vya miti mirefu, na kisahani ni badala ya umande na kijito. Mlezi hodari kuliko wote si zaidi ya mwanafunzi wa msitu, naye hutoa kwa taabu kile ambacho msitu hutoa bila ujira.

Kwa hiyo msitu ukifyekwa, hakuna haja ya mtu kuling'oa ua: jua hulipiga jabali, utando wa kijani hukauka, na mmea hufa pale pale ulipokaa. Tena namna nyingi za vyunguni zimetokana na mbegu chache za mwanzo, hata utajiri wa tabia zilizomo katika jamaa zake wa mwituni, kila mlima na wake, hauwezi kulipwa na dirisha lolote.

Wala si insafu kumbebesha lawama zote mkulima anayetafuta shamba la mahindi au iliki ili watoto wake wale. Hifadhi ya Amani huko Usambara, iliyotangazwa mwaka 1997, ni wajibu wa wote wanaonufaika na milima hiyo, wakiwemo wale wa mbali wanaofurahia ua lake pasipo kuujua mti unaolikinga. Qurani yatufundisha kwamba amana ilidhihirishwa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba, naye mwanadamu akaichukua. Maadamu tuliichukua, hatuwezi kuitimiza kwa nusu: aliyekabidhiwa kiumbe amekabidhiwa pia kivuli chake, maji yake na jiwe lake, na mwenye kulitunza ua huku akiuacha msitu wake uangamie amejihifadhia pambo, lakini amana hajaitimiza.